Njia Iliyopimwa kwa Pima Maji

Pale kilimani kuna njia tatu za baiskeli, na kila njia ina watu wake. Ya kwanza inazunguka mgongo wa kilima, inapanda kidogo, inashuka kidogo. Hiyo ni ya wenye pumzi ndefu, watu wa baiskeli nyepesi na kaptura za kubana, ambao kutwa nzima wanakusimulia mapigo yao ya moyo kana kwamba umewauliza. Ya pili imo ndani ya machimbo ya zamani, matuta matupu, nayo ni ya vijana wa kuruka. Hao hawaendi popote. Wanaruka tu na kupigana picha. Ya tatu inaporomoka moja kwa moja kutoka kileleni, mizizi na magogo, na katikati yake kuna ngazi ya mawe inayokatika ghafla, ambapo ukisita tu umekwisha. Hiyo ilikuwa ya Mbuzi.

Mbuzi ni jina alilopewa na wenzake wa klabu, kwa sababu alishuka kwa magurudumu mawe ambayo wao waliyashuka kwa makalio. Kazini alikuwa mshona mapazia. Nyumbani, mke wa fundi vigae. Ngazi ile ilipomtupa na kumvunja mtulinga, ule mfupa wa begani, alilala kitandani akiwaza jambo moja tu: je, bado ana moyo ule? Mfupa ungeunga, daktari alishamhakikishia. Moyo hakuna wa kuupiga picha ukaonekana. Dawa yake ni kurudi kwenye ngazi na kushuka.

Siku daktari alipomruhusu kupanda baiskeli tena, mumewe aliamka mapema akaosha baiskeli zote mbili.

"Twende, mke wangu. Nina zawadi yako kule juu."

Walisukuma baiskeli kupanda. Mbuzi alijikaza kisabuni, lakini magoti yalikuwa yakimtetemeka tangu nyumbani. Alimshukuru Mungu kwamba mumewe alikuwa mbele na hamwoni.

Walipofika kileleni, kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Mizizi ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na utomvu ulikuwa umeganda juu ya vigutu kama makamasi. Magogo yalikuwa yameondolewa. Kokoto laini zilikuwa zimemwagwa na kushindiliwa mpaka chini, na pembeni mtu alikuwa ameweka ukingo wa matofali, ukiwa umenyooka, umesafishwa, umejaa saruji kila kiungo. Mbuzi alitafuta ngazi kwa macho. Mahali pa ngazi palikuwa na mteremko wa taratibu, laini kama ujia wa hospitali, na bomba la kushikilia!

"Nimepima usawa wa kila hatua kwa pima maji," alisema mumewe. Alikuwa anang'aa. "Hata mama yangu anaweza kushuka hapa. Umeipenda?"

Kinyaa kilimpanda Mbuzi. Alitazama lile bomba lililopakwa rangi ya buluu akajisikia kama amelishwa chakula kilichotafunwa na mtu mwingine. Kumbe ndiko alikokuwa akishinda! Alasiri zote zile za "nina sakafu ya mteja", wakati yeye hawezi hata kufunga vifungo vya blauzi na jirani ndiye anamchana nywele, mwenzake alikuwa huku anachonga mlima.

"Nimevunjika mimi," alisema, "wewe ukaja kutengeneza njia?"

"Si kwa ajili yako?"

"Nani alikutuma? Hii siyo njia, ni sebule! Umebakiza kutandika zulia! Unajua ni wangapi wanaweza kushuka ile ngazi? Ilikuwa yangu ile. Nimekulia pale, nimeanguka pale, na leo nilikuja..." Alilinyooshea kidole lile bomba. "Unanitia kichefuchefu. Wewe na pima maji yako."

Mumewe alikuwa mtu mzito wa maneno, na mikono yake, iliyochubuliwa na saruji, ilikuwa haina pa kwenda.

"Mimi ndiye niliyekuokota," alisema. "Ulikuwa umelala kifudifudi, nakuita huitiki. Nikadhani ndiyo basi tena. Siku zote unaposhuka mimi nakaa pale chini nimefumba macho, mke wangu. Ulikuwa hujui?"

Alikuwa hajui. Lakini hakutaka kumwonea huruma, wala kubeba na jambo hilo juu ya mengine yote.

"Basi," alisema mumewe, akivuta pumzi, "sikuyavunja yale mawe. Nimeyapanga kule chini, nyuma ya kichaka. Yote yapo. Najua kila moja lilikaa wapi. Sema neno moja tu, 'rudisha', kesho naleta wenzangu wa kazi, tunayarudisha kama yalivyokuwa. Tuyarudishe?"

Mbuzi akafungua mdomo. Neno lilikuwa fupi na alilijua. Alilisubiri litoke.

Badala yake alisikia magoti yake. Yalikuwa yametulia. Hayakutulia sasa hivi. Yalitulia tangu pale alipoitafuta ngazi kwa macho asiione, kabla hata hajakasirika. Mwili wake ulikuwa umeshashukuru.

Kinyaa kikamrudia, na safari hii hakikuwa na pa kwenda ila kwake mwenyewe.

"Tuyarudishe?" mumewe aliuliza tena.

"Yaache kwanza," alisema Mbuzi, akapanda baiskeli, akashuka mteremko ule laini huku ameshika breki zote mbili.