Friji la Kobe

Mume wangu ni fundi wa friji, na nyumbani kwetu hakuna friji linalofanya kazi. Hilo nimeshalizoea. Nisilolizoea ni kumsikia mama mkwe akikohoa chumba cha nyuma, ambako kioo cha dirisha kilivunjika na pengo limezibwa kwa kipande cha boksi. Kila asubuhi anamwambia mwanawe, "Baba, dirisha." Na kila asubuhi mwanawe anajibu, "Leo leo, mama," huku anavaa viatu. Kioo kipya chenyewe kilishanunuliwa, kimeegemezwa koridoni, kinatuangalia tu.

Sasa baridi ilipochachamaa, kobe wa mume wangu akaacha kula. Tunamwita Bosi, maana hafanyi kazi na wote tunamhudumia. Daktari wa mifugo akasema mnyama anataka joto. Weee! Mwanamume ambaye kumwinua kwenye kochi ni shughuli pevu, siku hiyo hata chai hakumaliza. Aliburuta friji bovu kutoka uani, akalilaza chali sebuleni, akang'oa mlango na rafu, akatoboa matundu ya hewa, akafunga balbu ndani.

"Kilichozuia joto lisiingie ndicho kitakachozuia lisitoke," akanieleza, jasho likimtiririka. Hapo alinishinda, nasema kweli. Kisha akafunga thamostati, kile kidude kinachowasha na kuzima chenyewe kufuata joto, kama anavyokifunga kwenye kila friji hata akiwa amefumba macho. Kikabaki kifuniko. Akatazama huku na huku, akaenda koridoni, akarudi na kioo cha mama yake.

"Ala! Hicho ni cha dirisha!"

"Naazima tu. Bosi mgonjwa, huoni?"

"Na mama je?"

"Mama ana blanketi."

Ningefungua mdomo hapo, majirani wangekuja kutuamulia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na shali lake, amesikia yote. Akakohoa kidogo, akarudi chumbani.

Mchana ule jua lilijaa sebuleni, balbu ikawaka vizuri, Bosi akanyoosha shingo. Mume wangu alitembea kifua mbele mpaka jioni.

Asubuhi nikaamshwa na yowe. "Bosi kaibiwa!" Balbu imezima, ndani ya friji baridi tupu, kobe hayupo. Tukamkuta chumba cha nyuma, kitandani kwa mama mkwe, kichwa kimechomoza kwenye shali, anatafuna mchicha.

"Lile sanduku lako lilizima baridi ilipoingia," mama mkwe akasema. "Nimeamka alfajiri nikamgusa, amekuwa jiwe. Nikamwonea huruma. Baridi mimi naijua."

Nikamtazama mume wangu, nikidhani sasa maneno yamemwingia. Wapi! Alijipiga kofi la paji la uso. "Thamostati! Kwenye friji inawasha mtambo joto likizidi, inazima kukiwa na baridi. Nimeifunga kwa mazoea!" Maisha yake yote kazi ni kufukuza joto, na siku alipolitaka mikono ikamgomea. Kisha akaona jinsi kobe anavyokula, uso ukamng'aa.

"Kumbe mama una joto zuri hivi! Basi Bosi awe analala huku kwako."

Nilishika bakuli lililokuwa mezani. Sijui nilitaka kulifanyia nini. Mama mkwe akanikonyeza.

"Sina neno, baba," akasema taratibu. "Wasiwasi wangu ni hilo dirisha. Upepo ukimpiga huyu, si ataumwa tena?"

Mtoto wa watu aliruka! Chai haijachemka, kioo kipo dirishani, kimepigiliwa, kimezibwa gundi kila upenyo, naye anapitisha kiganja pembeni kuhakikisha hewa haipenyi. Nilikaa kitandani nikashindwa nicheke au nilie.

Mama mkwe akamsogezea Bosi jani jingine. "Kula, baba. Bila wewe ningekufa na baridi humu ndani."

"Umeona, mama?" mume wangu akasema kutoka dirishani, nyundo mkononi, furaha tele. "Na huyu mke wangu alikuwa anasema kobe hana faida."