Suruali Zisizo na Mifuko

Tangu kasino ifunguliwe palipokuwa na ukumbi wa sinema, mtaa ulijaliwa neema moja tu: fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alipata kazi ya kudumu. Kazi yenyewe ilikuwa kuziba mifuko. Wafanyakazi wa kasino hawaruhusiwi kucheza, wala kuwa na mahali pa kutumbukiza kitu, hivyo kila aliyeajiriwa alimletea suruali yake nyeusi, naye akaishona mifuko mdomo. Alishashona ya muuza nyama aliyefunga bucha, ya kinyozi aliyefunga kibanda, na ya mwalimu wa hesabu, ambaye hesabu zake, Mungu amsamehe, hazikumsaidia kitu.

Kisha ikaja ya mume wa fundi mwenyewe. Huyu alikuwa seremala hadi mashine za kasino zilipomeza randa, misumeno, na hatimaye meza ya kulia chakula. Siku alipoajiriwa kufagia humo, fundi hakupiga vigelegele. Alikuwa amechoka hata asiweze kufurahi. Alishona tu, uzi mara mbili, akijua kwamba suruali ile ikivuliwa, kitakachofuata kumezwa ni cherehani.

Juma la pili mume akaingia dukani mchana, mshahara wa kwanza mkononi, uso wa mtu anayekwenda kuposa.

"Mama Watoto, nifumulie mifuko. Naacha kazi."

"Kisa?"

"Mwanamume mzima nafagia miguuni mwa wanaoshinda! Ile mashine ya pembeni leo inatema. Nimeiona."

"Umeiona ikitema, au ikitafuna?"

"Usinianze."

"Wembe huo hapo. Fumua mwenyewe, mgongo wangu umekufa."

Akaketi kwenye kigoda, ulimi nje, akafumua kwa ustadi ule ule aliochongea milango zamani. Ilimchukua karibu saa nzima. Akasimama, akatia noti mfukoni kwa heshima zote. Noti zikateremka pajani, zikapita gotini, zikatokea juu ya kiatu.

"Mifuko yenyewe niliikata siku ile ile," fundi alisema bila kuinua macho. "Nimeshonea kitambaa cha kushikia pasi ya moto."

"Mke wangu, wewe ni mchawi."

"Mchawi angekuwa na mgongo mzima. Zamu yako saa nane."

Akaziokota noti, akatoka. Fundi akasimamisha cherehani. Kasino ilikuwa na milango miwili: wa mbele, wenye taa, ni wa wachezaji; wa nyuma, wenye mapipa ya taka, ni wa wafanyakazi. Mumewe alisimama katikati ya barabara, ngumi imefumbata noti, hadi gari likampigia honi. Akageuka, akarudi dukani, akaziweka noti juu ya meza.

"Nishikie. Sina pa kuweka."

Akaenda zake, akaingia kwa mlango wa mapipa.

"Kwa leo," fundi akajisemea. Akazisukuma noti chini ya cherehani, akavuta suruali iliyofuata. Ya mwalimu mkuu. Akapiga mwayo, akatunga uzi.