Mtengenezaji Hajulikani

Fundi aliporudi chumbani kwake hotelini kutoka kunywa chai, alikuta simu yake imelazwa juu ya mto kama mgonjwa, na adapta haipo.

"Hii sasa ni dharau," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Alikuwa ameingia mjini asubuhi ileile, baada ya kukaa kwenye basi usiku kucha, kuja kusomea umeme wa jua kwa wiki mbili. Nchi yenyewe ni ya jirani. Lugha ileile, salamu zilezile, hata utani uleule, lakini matundu ya ukutani wameamua yawe ya kwao peke yao. Chaja ya Fundi ilikuwa na miguu miwili ya duara, na soketi za huku zinataka mitatu bapa. Hilo alilijua kabla hajafunga begi. Mtu aliyevuta waya miaka thelathini na moja haendi dukani kununua adapta. Alitengeneza yake mwenyewe: plagi ya huku upande mmoja, soketi ya kwao upande wa pili, waya mfupi mnene katikati, fyuzi ndani, kila skrubu imekazwa mpaka basi. Alipoichomeka ilikaa imara, akaenda kunywa chai kwa raha zake.

Bila shaka waliichomoa mara tu alipotoa mguu nje, maana simu ilimwonyesha asilimia mbili, ikalia mara moja, ikazima. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na nusu.

Saa nne binti yake alitakiwa kuingia chumba cha upasuaji, huko nyumbani. Tumboni alikuwa na uvimbe ambao daktari alisema hausubiri, na nafasi nyingine ingepatikana baada ya miezi mitatu. Lakini binti aligoma kutia sahihi. Mama yake alimbembeleza, daktari akambembeleza, naye jibu lake likawa moja tu: mpaka aongee na baba. Mama mtu ndiye aliyepiga simu kueleza hayo, alfajiri, na maelezo yake marefu ndiyo yaliyomaliza chaji.

Fundi alibeba simu na chaja, akashuka ngazi mbili mbili.

Bwana wa mapokezi alikuwa mtu mzima, mwenye tai na tabasamu la kazini. "Ah, mzee wangu. Kile kifaa chako tumekizuia. Hakina nembo. Kikituletea moto hapa, nani atajibu?"

"Nitajibu mimi. Nimekitengeneza mimi."

Yule bwana akamgeuzia fomu aisome. Kifaa: adapta. Mtengenezaji: hajulikani.

"Hajulikani vipi, na nimesimama mbele yako?"

"Pale tunaandika kampuni, mzee."

"Haya, nipe adapta yenu yenye kampuni."

"Tunazo mbili, na zote ziko kwa wageni wengine."

"Basi niazime simu ya mezani. Mtoto wangu anafanyiwa upasuaji."

"Pole sana, mzee. Hiyo haipigi nje ya nchi." Halafu akainama, akashusha sauti kama mtu anayegawa siri. "Ila ngoja nikusaidie. Unachukua kalamu, unaisukuma kwenye tundu la juu. Yale mawili ya chini yanafunguka, unabana chaja yako humo. Sisi wote hapa tunafanya hivyo. Yangu hiyo hapo."

Fundi akachungulia nyuma ya kaunta. Ukutani kalamu ya plastiki ilikuwa imedungwa kwenye soketi, na chini yake chaja ikining'inia upande upande, plastiki imeanza kubadilika rangi kwa joto.

Damu ilimchemka. Kwa sababu ya kalamu kama hiyo alishawahi kubadilisha waya za nyumba nzima iliyoungua ukuta. Kwa sababu ya kalamu kama hiyo yeye na mkwewe hawakusemeshana mwaka mzima. Na hawa, wenye fomu zao na tai zao, wamemnyang'anya kitu chenye fyuzi, halafu wanamshauri kalamu! Bila hata haya!

Akazunguka kaunta.

"Mzee, huku hairuhusiwi!"

"Na hiyo kalamu inaruhusiwa?"

Alizima swichi kwanza, maana hasira haimsahaulishi fundi kazi yake. Akachomoa chaja, akachomoa kalamu, akaitia mfukoni. Adapta yake aliiona kwenye boksi chini ya meza, ina karatasi shingoni. Akaichomeka, akawasha, akakaa chini sakafuni na simu mkononi. Yule bwana alisimama juu yake, hajui amshike au amwache.

Simu iliwaka saa nne kasoro dakika nane, na hapohapo ikaita.

"Baba! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nagombana. Sema, mwanangu."

"Baba, jana umeme ulikatika mara mbili huku wodini. Ukikatika nikiwa pale mezani, nimepasuliwa, itakuwaje?"

Kumbe ni hilo. Kugoma kote huko, ni hilo tu.

"Wodini waya walivuta watu wengine," alisema Fundi. "Chumba cha upasuaji nimevuta mimi. Taa za pale juu ya meza zina betri zake, hazizimiki hata kidogo. Na jenereta inashika kabla hujahesabu kumi."

"Una uhakika?"

"Nilijaribu mara arobaini, siku tatu, mpaka daktari mkuu akanifukuza. Kila skrubu ya mle ndani naijua."

Akasikia karatasi ikifunuliwa.

"Basi natia sahihi, baba. Naingia."

Fundi akaiacha simu sakafuni iendelee kuchaji. Alipoinuka, bwana wa mapokezi hakuwa tena na tabasamu. Fundi akamwomba ile fomu, akatoa kalamu mfukoni, akafuta neno "hajulikani". Juu yake akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, herufi kubwa, mpaka nafasi ikajaa.

Kisha akamrudishia kalamu yake.

"Hii," alisema, "ni ya kuandikia."