Sufu Kisiginoni

Viatu vilikuwa vyeusi, vigumu kama mbao, na kila muuzaji wa duka lile la mablanketi alilazimika kusimama navyo kutwa. Mama Pacha hakuwa mtu wa kulalamika. Alivumilia mpaka malengelenge ya visigino yakapasuka na soksi zikawa zinagandana na vidonda.

Mama mkwe wake, mfugaji wa kondoo, alipokuja kuwajulia hali wajukuu, aliiona miguu ile akaguna.

"Mwanangu, hii miguu au nyama ya bucha?"

Alikuwa amebeba sufu iliyooshwa ya kujazia mto wa watoto. Akachomoa fungu, akalichambua mpaka likalainika, akamwonyesha jinsi ya kukinga kisigino na kuzungushia vidole.

"Usiibane. Itanyonya jasho, na kiatu kitaisugua yenyewe, kikuache wewe."

Kweli, Mama Pacha akaacha kuchechemea. Vidonda vikaanza kukauka.

Kisha siku moja msimamizi wa duka, ambaye kazi yake aliifanyia kitini, akaona unyuzi umechungulia kwenye kiatu.

"Toa huo uchafu. Wateja watadhani tumefungua zizi."

Akamvulisha viatu palepale, mbele ya mama mmoja mteja aliyeshika blanketi, akaichomoa sufu kwa ncha za vidole na kuitupa kwenye pipa la taka.

Mama Pacha alihisi damu inamchemka. Sauti yake, hata hivyo, haikupanda.

"Bosi, hilo blanketi unalomsifia mama huyu tangu asubuhi limefumwa kwa nini? Kwa majani?"

"Usinijibu."

"Leo nitakujibu. Sufu ikiwa begani mwa mteja ni fahari, ikiwa kisiginoni mwangu ni uchafu?"

Mteja aliinama, akakitazama kisigino kile kilichochunika. Akalirudisha blanketi mezani, akaondoka zake.

Adhabu haikuchelewa: Mama Pacha alihamishiwa stoo. Huko alivaa alichotaka, na wenzake wakawa wanapita mmoja mmoja, wanajifanya kutafuta bidhaa, kumbe wanaomba kipande cha sufu. Aliwagawia, akawafundisha kama alivyofundishwa.

Viatu vya duka havikubadilishwa. Msimamizi hakuomba radhi, na kila alipopita stoo akitoa salamu, Mama Pacha aliitikia kwa heshima tu, moyoni bado anafukuta.