Maua Yasiyopita kwenye Mita

Palikuwa na msoma mita wa idara ya maji ambaye, baada ya kuifanya kazi hiyo hadi mvi zikamtoka, alibaki na imani moja tu kuhusu binadamu: kila mwenye bustani ya kijani wakati wa kiangazi ni mwizi, ila wengine hawajakamatwa. Watu wa mitaa aliyoizungukia walimbatiza jina la Jicho. Yeye alidhani ni sifa.

Na tumpe haki yake, alikuwa hodari. Aliingia uani kwa mtu, akasalimia vizuri, akajulia hali hadi wagonjwa wa nyumba hiyo, huku macho yake yameshafika kwenye migomba. Akikuta majani yamenawiri na mita imelala, alipiga magoti akaanza kudungadunga ardhi kwa chuma chake, na mara nyingi hakuondoka bure. Mmoja alikuwa amepitisha bomba chini ya banda la kuku. Mwingine alilipitisha chini ya kitanda cha mama mkwe wake mgonjwa, akijua hakuna atakayethubutu kumwondoa bibi wa watu. Na wote, kabla hawajaumbuka, walikuwa na jibu moja: "Mmea huu hautaki maji, mzee." Jicho alikuwa amelisikia mpaka likawa linamchekesha.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha kutisha. Maji yalitoka kwa mgao, tena kwa kusuasua, bomba likikohoa hewa kwanza kabla ya kutema tone. Nyasi zilikufa. Hata mchicha wa jirani yake, mama muuza mkaa, ulikauka, na huyo alikuwa mtu wa kuunywesha maji aliyooshea vyombo. Kazini likatolewa tangazo kwamba wakaguzi watapita kila nyumba, na wataanza na za wafanyakazi wenyewe. Atakayekutwa amejiunganishia maji kinyemela, kazi hana na kiinua mgongo asahau.

"Waje tu," Jicho aliwaambia wenzake akitabasamu. "Kwangu wataambulia chai."

Jioni hiyo aliporudi nyumbani alimkuta muuza mkaa amesimama kwenye seng'enge iliyotenganisha viwanja vyao, mikono kiunoni.

"Baba, wenzetu ninyi mna mvua yenu?"

"Mvua gani tena?"

"Hebu geuka utazame."

Akageuka. Kuanzia chini ya dirisha la jikoni hadi karibu na choo cha nje, kando ya nyumba yake, palikuwa na maua. Si kwamba hakuwahi kuyaona. Aliyapita kila siku. Lakini mtu anayeshinda akikagua nyua za watu huwa hana hamu na wa kwake. Yalikuwa ya manjano, yamesimama wima juu ya mabua yenye vinyweleo, na nyuki wakiyagombania, ilhali ardhi chini yake ilikuwa imepasuka kama kisigino.

"Mke wangu anapenda maua," alisema.

"Naona. Na maua yanampenda," muuza mkaa akajibu, akaingia kwake akicheka.

Kicheko kile kilimkaa Jicho rohoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye mita yake mwenyewe, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba. Maji yaliyopita pale mwezi huo yalikuwa ya kupikia na kuoga, basi. Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine, angekuwa ameshapiga magoti.

Mkewe alikuwa mkunga wa zahanati. Alikuwa jikoni akichambua mchele. Wawili hao walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi, watoto wameshaondoka kwenda kujitegemea, na haikuwahi kupita siku wakalala wamenuniana. Jicho akavuta kigoda, akaketi.

"Mama watoto, yale maua unayanywesha nini?"

"Siyanyweshi. Ni ya porini yale, yamezoea shida. Ukiyamwagia maji ndiyo unayaua."

"Kwa hiyo hayataki maji."

"Hayataki."

Jicho akamtazama usoni. Jibu lilikuwa lilelile la wezi wake wote, tena kwa sauti ileile ya mtu asiye na wasiwasi. Ila safari hii lilitoka kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja, na hilo lilimuuma.

"Uliyatoa wapi?"

"Mbegu aliniletea kaka, kabla ya mvua zilizopita. Na pale alipachimba yeye, ardhi ilikuwa ngumu. Nilikwambia, ukawa unasikiliza mpira."

Kaka! Sasa huyo kaka alikuwa fundi bomba. Jicho hakuwahi kumpenda sana shemeji yake huyo, wala si kwa ubaya wowote aliomtendea, bali kwa sababu mafundi bomba wote aliwaona ni wezi wanaosubiri kuitwa. Nani mwingine angejua kulichepusha bomba kabla halijafika kwenye mita? Na mbona alikuja kuchimba siku ambayo mwenye nyumba yuko kazini? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na chai aliyowekewa ikamshinda kunywa.

Tangu siku hiyo akawa anamfuatilia mkewe kama alivyofuatilia wateja. Alirudi nyumbani mchana kwa kisingizio cha kusahau miwani. Alinyunyiza majivu kwenye mashina ya maua ili aone kama yatalowana, na kila asubuhi aliyakuta makavu, naye badala ya kupoa akazidi kuiva. Maji yanayopita juu ya ardhi huacha alama. Yasipoacha alama, ina maana yanapita chini. Asubuhi moja alimkuta mkewe amechuchumaa pale, akiminyaminya kitu kati ya vidole.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama yanakaribia kukomaa."

Alisema hivyo akitabasamu, akanyanyuka, akaenda kuoga. Jicho alibaki akijiuliza tangu lini maua yakakaguliwa alfajiri.

Kisha ikaja siku ya shemeji. Jicho alirudi jioni akawakuta kaka na dada wamekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mbele ya maua, wanazungumza kwa sauti ya chini. Walipomwona wakanyamaza. Macho ya mkewe yalikuwa mekundu, naye aliyafuta haraka kwa ncha ya khanga.

"Shemeji, habari za kazi?" fundi bomba akasimama kumpa mkono.

"Nzuri. Kuna nini hapa?"

"Mambo ya nyumbani tu," mkewe akasema.

Mambo ya nyumbani! Na nyumbani ni wapi kama si hapa? Mume mwingine angeketi, angeuliza kwa upole, angeambiwa. Jicho hakuuliza. Aliyajua machozi ya namna hiyo. Ndiyo huwatoka watu wakisikia wakaguzi wako njiani na bomba bado liko ardhini. Usiku kucha alijiona amesimama mbele ya wenzake akiwa mwizi, tena mwizi mjinga, aliyeibiwa jina lake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alimwonea mkewe hasira, akamwonea huruma pia, akaamua atamwokoa apende asipende. Bomba angeling'oa yeye mwenyewe kabla wakaguzi hawajafika.

Wakaguzi walikuwa waje Jumatatu. Jumamosi mkunga alikwenda zamu. Mlango wa uani ulipofungwa tu, Jicho akatoa sururu na chepe.

Alianzia kwenye mita akafuata mstari. Mwanzoni alijaribu kuyakwepa maua, halafu akaona anajisumbua, kwa sababu bomba kama lipo litakuwa chini yao hasa. Akapiga. Shina la kwanza likalala. Akashangaa jinsi mzizi wake ulivyokuwa mrefu na mnene, umezama ardhini kumpita magoti. Akapiga la pili, sururu ikazama kwenye kitu laini, na unyevu ukamrukia mkononi.

"Nimelipata!" alisema kwa sauti.

Akatupa sururu, akafukua kwa mikono. Palikuwa na mzizi mweupe uliokatika, unatoa utomvu wa majimaji kidogo, kisha basi. Aliushika muda mrefu. Moyoni alikwishajua. Lakini aibu ina ukaidi wake: aliona akiacha hapo atakuwa ameharibu bure, ilhali akiendelea huenda akaja kuwa na haki. Akaendelea. Alichimba hadi choo cha nje, akapata soli ya kandambili na chupa iliyovunjika. Muuza mkaa alikuwa kwenye seng'enge anatazama, na mara hii hakucheka.

Mkunga aliporudi alimkuta mumewe ndani ya handaki, udongo hadi kwenye nyusi. Maua yalikuwa yamelala pande zote mbili. Akaweka mkoba wake chini.

"Umelipata bomba?"

"Bomba gani?" Jicho akajaribu.

"Baba watoto, anayetafuta kitu kingine haanzii kwenye mita."

Mkewe akachuchumaa, akaokota ua moja, akapasua kifuko kilichokuwa chini ya petali kwa ukucha. Ndani mlikuwa na mbegu mbichi, nyeupe, laini kama punje za mahindi machanga. Akazisaga kwa kidole, zikageuka maji.

"Zilibakiza kidogo tu zikauke," alisema.

"Tutapanda tena. Mwambie shemeji alete nyingine."

"Azitoe wapi? Haya yalikuwa yanaota mlangoni kwa marehemu mama. Mama mwenyewe aliyaita wakaidi. Kiwanja kimeuzwa, kimesawazishwa chote, halipo hata shina moja. Ndicho kaka alichokuja kunieleza siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulitaka kuambiwa?" Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ulitaka kukamata."

Jicho alipanda kutoka handakini, akachukua shina moja, akalisimamisha kwenye udongo, akalishindilia pande zote kwa viganja. Mkewe hakumzuia. Alimwambia tu kwamba hayo yakikatwa mzizi hayarudi, akaingia ndani kubadili nguo. Jicho aliendelea kushindilia hadi giza likaingia, na yote yakawa yanainama kadiri anavyoyasimamisha.

Jumatatu wakaguzi wakaja, wakiongozwa na mkubwa wa idara mwenyewe. Walidunga hapa, wakadunga pale, wakaizunguka nyumba. Kando ya jikoni walikuta udongo mtupu uliosawazishwa vizuri.

"Mnaona?" mkubwa aliwaambia vijana wake. "Hapana hata jani. Uwanja wa mtu mwaminifu unajulikana tu." Akampa Jicho mkono, akautikisa kwa nguvu.

Jicho alishukuru. Alitaka kufurahi, furaha haikuja. Aliwasindikiza hadi nje, na alipogeuka alimkuta mkewe amesimama kizingitini, amevaa sare yake nyeupe, tayari kwa kazi. Hakuonyesha hasira. Alikuwa ameufungua mkoba wake, ameushika kwa mikono miwili, ameuelekeza kwake.

"Nini hiki?" Jicho aliuliza.

"Mkoba. Mna glavu, leso, chakula changu cha mchana. Kagua, nisichelewe."

"Mama watoto, tafadhali. Funga hicho kitu."

"Kagua."

Hakutania. Alisubiri pale mlangoni kwa utulivu uleule aliowasubiria wazazi wenye uchungu, na ilikuwa wazi kwamba hatapita mpaka akaguliwe. Mwishowe Jicho aliinamisha kichwa akatazama ndani. Zilikuwemo glavu, leso, na bakuli la chakula. Mkewe akafunga zipu, akamuaga vizuri, akaenda kazini.

Kesho yake asubuhi alisimama tena pale pale, mkoba wazi.