Yona wa Malangali

Ukitaka kumuudhi Nestory, mwite Yona. Watu wa mtaa wetu wa Malangali wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana wanamwita Yona kila wanapomwona.

Jina lilimpata mwaka jana. Nestory ni fundi simu hapa Sumbawanga, ana kibanda karibu na soko, lakini moyo wake uko mawinguni. Ana kipimamvua alichokitengeneza kwa chupa ya maji. Ana kipande cha kitenge kimefungwa juu ya mti mrefu uani kwake, kimwonyeshe upepo unatoka wapi. Tena ana kundi la WhatsApp la watu wanne wenye ugonjwa kama wake, wamelipa jina la Macho Juu. Sasa mwaka jana, mwezi wa tano, kundi likaona kimbunga kinajikusanya baharini, mbali huko upande wa Mtwara. Nestory hakuweza kukaa nalo tumboni. Jumapili baada ya misa akasimama mbele ya kanisa, akawaambia watu waondoe maharage shambani upesi, mvua kubwa inakuja. Maskini, wakamsikiliza. Wakang'oa maharage hayajakauka, wakayarundika ndani. Kimbunga kikafia huko huko baharini, jua likawaka wiki nzima, na maharage yakaota ukungu vyumbani mwa watu.

Hasira zilipopoa likabaki jina. Si Yona alitangaza kwamba Ninawi itaangamia, na Ninawi haikuangamia?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nestory akaweka sheria katika kundi: hakuna kumwambia mtu wa nje neno lolote la mvua mpaka watatu kati ya wanne wakubaliane. Wenzake hawakubisha.

Katika ule mtaa mzima alibaki mtu mmoja tu aliyekuwa bado akimwuliza Nestory habari za mvua kwa dhati, naye ni dada yake, Leonia. Alimtania kama wengine, tena kwa bidii, lakini alipotaka kujua aanike au aanue, aliuliza kwake. Leonia ni mjane. Mumewe alifia kijijini kwao Kate, na tangu hapo yeye na watoto wake wawili wanakaa chumba kimoja nyumbani kwa Nestory. Ukoo wa marehemu ulikaa kikao. Shemeji yake Ignasi, mtu asiyepaza sauti wala kubadili neno, akasema watoto wa kaka yake hawawezi kukua kwa mjomba kama wageni. Mama yao akipata paa lake mwenyewe kabla ya mvua za Novemba, abaki nao. Asipopata, watarudi Kate kwa baba zao wadogo.

Leonia alikuwa na kiwanja kule mwisho wa mtaa, alikuwa na mikono yake, na alikuwa na miezi michache. Masika yalipokaribia kwisha akamwuliza mdogo wake kama mvua imekatika. Nestory akaangalia mambo yake, akasema imekatika, fyatua. Dada mtu akapika pombe ya ulezi, akaita majirani, na ndani ya wiki mbili matofali ya nyumba nzima yakawa yamelala kiwanjani, mabichi, yamefunikwa nyasi yasipasuke, yakingoja kukauka yapangwe tanuru.

Ndipo Hellena, mmoja wa wale wanne wa Macho Juu, akaandika. Hellena anafanya kazi Matai, na kwa vile Matai iko upande wa Ziwa Tanganyika, upepo wa huko humfikia yeye kabla ya wengine. "Kaka Nestory, tazama baharini," aliandika. "Kuna kitu kinazunguka tena."

Nestory akafungua picha za upepo kwenye simu, akakiona. Unajua, mwezi wa tano huku Ufipa upepo hutoka mashariki, mkavu, wa kupasua midomo. Lakini kimbunga kikijikalisha vibaya karibu na pwani, huvuta hewa ya upande wa pili: unyevu wa Kongo unavuka Ziwa Tanganyika na kupanda mpaka huku juu kwetu. Kwa hiyo wana Macho Juu hawaogopi kimbunga chenyewe. Wanaogopa upepo wa kutoka ziwani.

Alhamisi mchana Hellena akasema upepo umegeuka Matai. Mzee Masunga, mfugaji wa Kisukuma aliyeko bondeni Rukwa, hapendi kuandika, akatuma sauti: "Nestory mwanangu, mimi ng'ombe nimeshawatoa mtoni. Ninyi endeleeni kupiga kura." Flavian wa Kate naye akasema kwake jua kali, hajaona kitu.

Wawili wameona, mmoja hajaona, amebaki Nestory. Alitoka uani akatazama kitambaa chake. Kilicheza huku, kikacheza kule. Moyo ulimwambia kinageuka, na moyo wake katika mambo haya si mjinga. Akaandika: "Tusubiri kidogo."

Hata hivyo alifunga kibanda mapema akaenda kiwanjani. Alikwenda kumwambia Leonia, jamani, tusimwonee. Sheria ilikuwa ya watu wa nje, na dada wa tumbo moja si mtu wa nje. Njia nzima alikuwa akipanga maneno.

Akawakuta majirani wamekaa pembeni wanamalizia pombe. Wa kwanza kumwona alikuwa Margareth, ambaye mwaka jana alitupa magunia mawili ya maharage na hajasahau.

"Karibu, Yona," alisema Margareth. "Leo umetokea wapi, tumboni mwa samaki?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Leonia naye alicheka, kisha akajifuta mikono, akamsogelea mdogo wake.

"Nestory, nakuuliza kwa dhati. Nataka niondoe nyasi zote leo, niyasimamishe yapigwe jua na upepo, wiki ijayo nipange tanuru. Niyafunue, au yabaki hivi?"

Kicheko kilikatika. Wote walikuwa wanamtazama. Nestory aliona mdomo wa Margareth umeshaanza kujikunja, na aibu ya mwaka jana ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Maneno aliyoyapanga njiani yakamkimbia.

"Funua, dada," alisema. "Yapate jua."

Tena akasaidia kuondoa nyasi. Alisaidia kwa nguvu kuliko wote, na kila alipoinua mzigo wa nyasi alijiambia atamwambia wakibaki wawili. Hawakubaki wawili.

Ijumaa asubuhi kitambaa kilikuwa kimenyooka, kinaelekea mashariki. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Leonia alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda Milanzi kupatana bei ya magogo ya kuchomea matofali, na watoto wako shule. Nestory alimwita mkewe, Jane, ambaye alikuwa anaanika maharage uani.

"Tuyaingize ndani hayo."

"Kuna mvua?" Jane aliuliza.

"Hapana. Tuyaingize tu."

Wakayaingiza, wakayajaza kwenye magunia, wakayapanga sebuleni. Kisha Nestory akashika simu, akalitazama jina la dada yake. Akimwita arudi na mvua isinyeshe, magogo atakuwa amemkosesha. Na kwenda kufunika mwenyewe je? Kiwanja si mbali, na nyasi zilikuwa palepale pembeni. Lakini ili ufike huko lazima upite mlangoni kwa Margareth, na kufunika matofali jua likiwaka ni sawa na kusimama tena mbele ya kanisa. Flavian alikuwa bado hajasema, na kura yake mwenyewe Nestory hakuiandika. Sheria ni sheria. Nestory akaweka simu mfukoni, akaenda kufungua kibanda chake, na asubuhi nzima hakutengeneza hata simu moja.

Saa saba Flavian akaandika: "Jamani, Kate kumegeuka. Wingu ni jeusi sijapata kuona. Linakuja kwenu."

Sasa walikuwa watatu. Nestory alikimbia, kibanda kikabaki wazi. Mvua ilimkuta njiani, nayo haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika, ikachanganyika na mawe. Alipofika, pembe za matofali zilikuwa zimeshakwisha, na safu zilikuwa zinakaa chini polepole kama ugali uliotiwa maji mengi. Alitupa nyasi, alitandaza koti lake, alipiga magoti akakumbatia matofali kwa mikono. Margareth akaja na nailoni yake, wengine wakaja na mikeka na mabati mabovu. Siku hiyo hakuna aliyetania. Mvua ilipopungua, pale palipokuwa na nyumba ya Leonia palikuwa na tope.

Leonia alifika kwa miguu, amelowa, viatu mkononi. Alisimama akatazama. Halafu akamwona mdogo wake kwenye tope, analia, akamwinamia.

"Nyamaza, Nestory. Ni kazi ya Mungu. Wewe ungejuaje?"

Nestory alishika mkono aliopewa, akainuka.

Nyumbani Jane aliwapa khanga kavu, akawamiminia chai. Alikuwa na huruma, na alitafuta neno jema la kusema.

"Tumshukuru Mungu hata kwa kidogo, wifi. Maharage yamepona, watoto watakula. Nestory ndiye alinihimiza tuyaingize asubuhi, wala sijui alijuaje."

Leonia alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Akakirudisha chini. Akayatazama magunia, moja baada ya jingine, kisha akamtazama mdogo wake.

"Asubuhi," alisema.

"Sikuwa na hakika, dada." Sauti ya Nestory ilikuwa ndogo. "Flavian alikuwa hajakubali. Tuna sheria, mpaka wafike watatu. Na jana pale, mbele ya watu..." Alijisikia anavyoongea na akatamani mvua irudi imnyamazishe. "Ningesema, halafu isinyeshe, mngenicheka."

"Tungekucheka, ndiyo." Leonia hakupaza sauti. "Mimi ningekucheka kuliko Margareth. Na ningekucheka huku nafunika."

Akawaita watoto wake, akaingia nao chumbani, akafunga mlango.