Shavu la Chiriku

Nawaandikia kina mama wenzangu mnaolaza watoto hospitali. Sikusoma sana, niliishia shule ya msingi, lakini nililoliona siwezi kukaa nalo kimya.

Kitindamimba wangu, tunayemwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, alilazwa kwa kuhara na kutapika. Akapona. Daktari aliposema twende nyumbani nilifurahi, lakini niliogopa pia, maana nyumbani mdogo wangu alikuwa na kichanga njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, ukimbeba hujui kama umebeba mtoto au nguo zake. Ugonjwa ule ukimfika yule, hana pa kuuweka.

Wodi yetu ilikuwa na mtindo wake. Mtoto akiruhusiwa, anapitishwa kitanda hadi kitanda. Huyu anamfinya shavu, yule anambusu kiganja, kila mtu anasema, "Nenda na usirudi." Tuliita kupitisha baraka. Chiriku naye akapitishwa, akicheka mpaka kwikwi.

Hatukujua kwamba asubuhi ile sista mkuu alikuwa amepaka rangi isiyoonekana kwenye vyuma vya kitanda cha mlangoni, alipolala mtoto aliyekuwa bado anatapika. Ni rangi ya kupimia usafi. Ikibaki mahali, ukiimulika kwa taa yake inawaka.

Baraka zilipokwisha, akaja Bi Povu, mfanya usafi wetu, na ndoo ya dawa. Akasugua kitanda kile juu na chini. Sista akafunga mapazia, akatoa taa ndogo.

"Haya Bi Povu, tuone kama ulisugua au ulipapasa."

"Sista, kikiwaka hicho, nitakibeba kichwani mpaka kwangu!"

Hakikuwaka. Giza tupu. Bi Povu akacheza na fagio lake la maji, nasi tukampigia makofi. Sista akageuka, na taa ikapita kwetu.

Shavu la Chiriku likawaka.

Ndugu zangu, sijui niseme nini. Mwanga wa buluu, umetulia, kama kipande cha mwezi kimekaa usoni mwa mwanangu, na ndani yake alama za vidole viwili vilivyomfinya. Sista akashusha taa: kiganja kinawaka. Kifua cha blauzi yangu kinawaka. Wenzangu wakanyoosha mikono bila kuambiwa, na wodi nzima ikajaa viganja vya buluu gizani. Niliona uzuri na hofu kwa pamoja.

Mama wa mlangoni alijitazama mikono. "Ni mimi," akasema. "Nilishika chuma nikimwinua wangu atapike, nikaja nikamfinya wako. Nilimpenda tu, mwenzangu."

"Hii ni rangi, haina neno," sista akasema taratibu. "Lakini kirusi kinapita njia hiyohiyo, na chenyewe hakiwaki."

Kitanda kilisafishwa, ndiyo. Sisi tulikuwa tumeshahama na uchafu wake.

"Mama, mimi nyota!" Chiriku akasema, akapeleka vidole mdomoni. Nilimdaka mkono kama anayedaka glasi inayoanguka.

Tukaenda bombani. Sabuni, maji, taa. Bado vidole vinawaka nchani.

"Kucha, mama, kucha!" Bi Povu akapiga kelele. "Humo ndimo kinamopanga chumba!"

Nikasugua tena mpaka mkono ukawa giza. Sijawahi kulipenda giza namna ile. Nikamvua Chiriku nguo, nami nikabadili blauzi.

Tulipotoka, mama wa mlangoni alisimama mbali, mikono ameificha mgongoni. "Nenda na usirudi," akasema, machozi yanamlengalenga. Baraka ikatufika vilevile.

Nyumbani mdogo wangu akatupokea na kichanga mikononi. "Chiriku, njoo umbusu mdogo wako!"

"Simama hapohapo! Sabuni iko wapi?"

"Hee, dada! Umetoka hospitali au jeshini?"

Niite askari, niite kichaa. Kichanga yule hakuugua. Sasa anakaa mwenyewe, ana mashavu yanayoita vidole, na wageni hawajizuii. Taa ile sinayo. Lakini kila mkono unaponyooshwa kumfinya, mimi nauona unawaka, nami nasimama katikati, nauonyesha bomba lilipo.